Sinia la Tausi

Jumapili, baada ya magharibi

Na nilimwambia kabisa, tena kwa adabu: "Shikamoo shangazi, huyu farasi halagi pilau."

Tausi wangu ana miaka ishirini na sita, magego yameisha. Majani makavu anayatafuna halafu anayatema mabonge mabonge. Ndiyo maana namlowekea pumba na majani ya kukatakata, kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Leo kazi yake ilikuwa kumfikisha bwana harusi nyumbani kwao Chamazi, basi.

Shangazi wa bwana harusi akanijibu: "Mwanangu, kwangu hata paka haondoki na njaa, sembuse aliyembeba bwana harusi!"

Nikaenda kuchota maji. Narudi, sinia la pilau liko mbele ya Tausi, jeupe! Kabakiza nyama tu.

Farasi hatapiki. Tumbo likimsokota, anaweza kufa. Saa nane akaanza kujipiga teke tumboni, anataka kulala agaegae. Daktari wa mifugo akaniambia kwa simu nimtembeze mpaka afike. Nimezunguka na farasi juani, wageni wananipiga picha, shangazi anauliza eti pilipili ilizidi? Pilipili!

Daktari kampiga sindano. Saa kumi na mbili Tausi akanya, yaani tumbo limefunguka, na mie mwanamume mzima nikapiga kigelegele.

Nimefika nyumbani natetemeka, nikadhani ni hofu. Kumbe njaa. Kwenye harusi ile, aliyeondoka bila kula ni mie peke yangu.