Nukta Nyeupe ya Kerende

Kaka Mwita,

Tumekupata. Si mwili. Mahali.

Tangu duara lako, lile shimo la dhahabu, liporomoke nawe ndani na tingatinga lisawazishe eneo lote, kila aliyekuwepo siku ile alituonyesha pake, na kila mmoja aliapa. Ukiwaamini wote, ulifia kwenye mashimo saba. Mama akakataa kunyolewa kumaliza matanga. "Msiniguse kichwa mpaka nijue mwanangu amelala wapi." Wazee wa ukoo walimsihi mpaka wakachoka.

Mimi unanijua, fundi redio niliyejifunzia kwenye redio za watu. Nikiwa kibandani kwangu Bomani nilisikia redioni wanafunzi wa chuo kikuu wakieleza setilaiti yao ya majaribio: kidude kama dumu la mafuta ya kula, kinazunguka huko juu na kamera yake. Kiliwahi kupiga picha huku kwetu kabla ya msiba. Nikawaandikia. Nilidhani nitaona hadi kofia yako.

Picha ikaja. Kerende nzima unaifunika kwa ukucha. Boma la wake watatu, na zizi lake, ni nukta moja. Lakini karibu na kona ya mto palikuwa na nukta nyeupe, peke yake, inang'aa. Kaka, ni mabati yako! Wenzako waliezeka maduara yao kwa turubai, wewe ukaleta mabati mapya, wakakucheka: "Mwita anawajengea panya nyumba." Na mimi nilicheka. Nisamehe.

Wanafunzi wakanisaidia kupima umbali kutoka mtoni na barabarani. Tukavuta kamba, mimi na Mama. Ilipoishia akakaa chini, akaweka kiganja kwenye udongo. "Kumbe ni hapa." Basi. Alinyolewa wiki ile ile.

Kosa langu ni kuvuta kamba watu wakitazama. Kesho yake nikakuta vijana na sururu. "Mura, kijana mwenzetu, hiyo setilaiti imekuonyesha dhahabu iko kina gani?" Nikawaambia hapa yuko kaka yangu. Wakavua kofia, wakanipa pole. Kisha mmoja akauliza, kwa heshima zote, "Na chini yake?"

Kwa hiyo nimehama Bomani, nikaja huku na kibanda na meza yangu. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu yako. Kazi ni chache, ingawa vumbi la huku linaua redio vizuri.

Pumzika, kaka. Mimi ni mzima, na niko hapa. Hakuna sururu itakayokufikia.

Mdogo wako,
Chacha