Washenga Niliowasomesha Neno Seti

Bi Tatu mshauri wetu, naomba unisaidie wala usinicheke, maana nyumbani nimechekwa vya kutosha.

Mimi ni karani hapa Wete, na tangu nianze darasa la Kiingereza la jioni nimegundua neno moja dogo, seti, ambalo kamusi imelipa ukurasa mzima na zaidi, na ni ajabu Bi Tatu, vikombe vya namna moja ni seti, kutega mtego ni seti, daktari akiunga mfupa ni seti, hata faluda ikiganda ni seti. Sasa juzi walikuja washenga kutoka Kiuyu, wakiongozwa na Mzee Ngwali, ami yake Mjaka yule fundi seremala, kupokea jawabu la posa ya binti yangu, na huyo Mjaka mposaji sina neno naye, ni mtu wa sala na kazi, na mke wangu Mwanapili alikwishapika mkate wa kumimina, basi Mzee Ngwali akavisifu vikombe vyetu, nami nikaona hapa ndipo, nikaleta kamusi, nikawaeleza mtego, nikawaeleza mfupa, mzee akaniambia, "Bwana, siye twajia jawabu, hatukujia skuli," nikamwambia avute subira, hata nusu hatujafika, na jua lilipokuchwa nikawatoa barazani nikawaonyesha, lile pale, nalo ni seti, wakatazamana, wakasema wanawahi Magharibi msikitini, na hawakurudi.

Kwetu, kama ujuavyo, washenga wakiondoka bila jawabu ndiyo wamekataliwa, na nasikia mzee ameanza kuuliza habari za mwari mmoja wa Konde, binti yangu kajifungia chumbani hataki chakula, na mke wangu akiwa na la kuniambia humwambia paka. Nifanyeje warudi, wanisikilize mpaka mwisho?

Karani, Wete

Bwana Karani,

Umeniomba nisikucheke. Nimejaribu, nimeshindwa. Nakuhurumia kidogo, kwani hata mimi nilipopata redio mtaa mzima haukulala. Lakini redio mtu huizima.

Wazee wa watu wamevaa kanzu zao za Ijumaa, wametoka Kiuyu kuja kusikia "tumekubali", wewe ukawapa faluda ya kamusini. Na mpaka leo wataka warudi wamalize somo! Hebu isome tena barua yako. Vikombe vimo, mtego umo, mfupa umo, hata paka yumo. Binti yako anayelia, jina lake halimo. Nilitaka kumwombea dua, nikakwama.

Sasa sikiliza. Kamusi mpe mkeo aifungie sandukuni, na ufunguo akae nao yeye. Kesho asubuhi nenda Kiuyu pamoja na shemeji yako, asikuache useme peke yako. Najua baba wa mwari hawafuati waposaji, na watu watakusema. Waache waseme. Aibu hii umeichuma mwenyewe, nenda ukaile kabla watu wa Konde hawajapika mkate wao. Ukifika, mwombe Mzee Ngwali radhi, sema "tumekubali", kisha nyamaza. Akikukaribisha kahawa, kunywa, na kikombe usikitaje.

Ukirudi, gonga mlango wa chumba cha binti yako, umwite kwa jina lake, umpe habari. Halafu niandikie jina hilo, hilo tu. Nimemnunulia kanga, na sijui kifurushi nikiandike cha nani.