Sauti ya Kila Mtu Isipokuwa Yako

Mwaka umetimia sasa, mume wangu, tangu mchana ule ulipokaa kwenye kiti cha safu ya mwisho, ukafumba macho kama kawaida yako, na hukuyafumbua tena. Waigizaji walikuwa mazoezini. Walikuona, wakadhani unasikiliza. Wakaendelea hadi mwisho wa tamthilia, kisha wakasimama jukwaani wakingoja useme neno, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani kabla hujasema. Mwongozaji ananiambia hadi leo kwamba walingoja kwa muda mrefu, na hakuna hata aliyekohoa.

Nilimwambia asijilaumu. Nani angejua? Hata mimi nyumbani ilinibidi nikuguse bega ndipo nijue kama umelala au uko kazini.

Ukumbini walikuita Kimya Kidogo, maana hayo ndiyo maneno uliyoyasema kuliko yote. "Kimya kidogo, jamani." Ulimwambia seremala na nyundo yake, ulimwambia mwongozaji, na siku moja ulimwambia mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba. Wala hukuwahi kupandisha sauti. Watu walinyamaza ili wasikie unavyowaambia wanyamaze.

Kuishi na mtu wa sauti si mchezo, na wanaotusoma hapa gazetini wasidhani nimekuja kukupaka mafuta kwa sababu hupo. Mchele wangu ulinyesha jukwaani msimu mzima, kwa kuwa uligundua kwamba ukimiminwa polepole juu ya sinia unatoa mvua nzuri kuliko mvua yenyewe. Kabichi niliyonunua kwa chakula cha mchana uliichoma kisu mbele ya kinasa sauti, kwa ajili ya mauaji ya sehemu ya pili, halafu ukaniuliza kwa upole kama bado inapikika. Ulizima friji isikukoromee, ukasahau kuiwasha, maziwa yakaganda. Nikianza kugomba uliinua kidole: "Ngoja, mke wangu. Hebu rudia hapo, lakini usogee karibu na dirisha." Sasa mtu wa namna hiyo unagombana naye vipi?

Muziki uliutungia mezani kwangu, upande wa pili wa cherehani, kwa sababu mimi ni fundi nguo na chumba chenye mwanga kilikuwa hicho hicho kimoja. Kinanda chako kilikuwa na kitufe kimoja kisicholia, ukakataa kukitengeneza. Ulisema kinakulazimisha kufikiri. Ulipopewa ile tamthilia ya wafungwa, ulikaa siku nyingi mbele ya kinanda hicho bila kukigusa, ukinitazama nikishona, hata nikadhani nimekukosea. Kumbe ulikuwa unasikiliza mwendo: shona, simama, geuza kitambaa, shona. Ukauwekea zumari na ngoma moja. Usiku wa uzinduzi watu waliulizana ni ngoma gani ile inayosimama na kuanza tena kama mtu anayesitasita. Mimi nilikuwa safu ya pili, nikajua fika kwamba ni upindo wa suruali ya jirani yetu.

Waliojifunza kwako wanayakumbuka maneno yako. Muziki wa tamthilia ni mgeni, ulisema. Aingie, asalimie, aketi kidogo, aage. Akikaa sana, wenye nyumba hawawezi kuzungumza. Mara ngapi nilikuona ukitunga wimbo mzima, mzuri wa kumtoa mtu machozi, kisha unakata, unakata, unabakiza sauti tatu? Mimi niliulilia ule ulioutupa. Wewe ulikuwa umeshasahau. Na watu walipopiga makofi mwishoni, waigizaji wakiinama na mwongozaji akitoa shukrani, wewe ulikuwa nyuma unaviringisha nyaya.

Kwa watoto ulikuwa baba mwema. Binti yetu alipoogopa radi, ulimpeleka ukumbini ukampa lile bati kubwa la kutengenezea ngurumo alitikise mwenyewe, mpaka akaichoka radi. Kaka yako alipofiwa na mkewe, ulienda kukaa naye kila Jumapili, na yeye anasema hamkuwahi kuzungumza chochote cha maana. Anasema ndiyo maana alipona.

Sasa nyumba ni yangu peke yangu, na hakuna anayenikataza kitu. Friji inakoroma itakavyo. Milango naibamiza kwa sababu naweza. Redio naiwasha nikiamka, naizima nikienda kulala, na ukiniuliza wamesema nini sikwambii, maana siisikilizi, nataka tu pawe na mtu anayeongea. Watu wanadhani upweke ni ukimya. Ukimya niliuzoea, nimeishi nao miaka yote ya ndoa yetu. Ila ule ulikuwa ukimya wa watu wawili. Nina upweke, mume wangu. Nalisema waziwazi, kwa sababu kila anayekuja kunisalimia anatangulia kuniambia kwamba naonekana vizuri, na mimi najibu namshukuru Mungu.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, nilitaka kitu kimoja tu: nikusikie. Basi. Picha zako ninazo za kutosha, lakini wewe hukuwa mtu wa sura. Wewe ulikuwa mtu wa "mke wangu" ya asubuhi, ile ya chini, yenye mchanga. Binti yetu akaja na mumewe, wakaweka mashine yako mezani, tukaanza kufungua rekodi zako zote, moja baada ya nyingine, tukiwa na hakika kwamba mtu aliyenasa sauti maisha yake yote lazima amejinasa na yeye.

Tulisikia milango ya kila aina. Tulisikia mvua, ya kweli na ya mchele. Tulisikia sauti za sokoni, za hospitalini, watoto wakitoka shule, kaka yako akikoroma, binti yetu akicheka akiwa bado hana meno. Mimi nimo tele: nafagia, nagomba, naimba vibaya. Kila mtu yumo isipokuwa wewe. Mkweo alisikiliza hadi masikio yakamuuma, akavua vile visikilizio, akasema, "Mama, kinyozi hajinyoi." Akaenda kusimama nje.

Na si kwamba hukusema. Tulikuwa tukikusikia kwa masikio yetu, kila unapoanza kunasa unataja kwanza jina la kitu: "Mlango wa bafu, mara ya pili." Kisha ukikaa mezani unakata. Kichwa kinakatwa, mkia unakatwa, kinabaki kitu chenyewe. Ulisema anayesikia mlango asimsikie mtu aliyeunasa. Simu nayo uliichukia, ukisema inaikanyaga sauti ya binadamu, kwa hiyo tuna ujumbe wako wa maandishi tu. Kwenye video ya harusi ya binti yetu huonekani wala husikiki, maana wewe ndiye uliyeshika maikrofoni.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilianza kuisahau. Maneno yako ninayo yote, lakini kila nikiyakumbuka yananijia kwa sauti yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye cherehani nikijaribu kukuita ndani ya kichwa changu, na wewe unanijibu kama mimi. Hilo liliniogopesha kuliko mazishi. Binti yetu amejifungua mtoto wa kiume tangu uondoke, ana macho yako, na ameshaanza kugeuka akisikia watu wakiongea. Nilijiuliza, huyu tutamwambia babu yake alisikika vipi?

Wiki tatu zilizopita nikapigiwa hodi. Alikuwa mwanafunzi wako wa zamani, yule mwanamke mrefu uliyemfundisha kazi na ambaye sasa ndiye fundi sauti wa ukumbi. Mvi zimemwingia naye. Alinisalimia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Mama," akaniambia, "tunairudisha jukwaani ile tamthilia ya mwalimu mstaafu. Kwa ajili ya kumkumbuka marehemu."

Naijua, nikamwambia, na nisingeweza kutoijua. Wasomaji wetu labda hawaijui, basi niwaeleze. Ni ya mzee anayekaa chumbani kwake na hatoki, na mkewe haonekani kamwe. Anasikika tu akiita kutoka jikoni. Mume wangu, ulinasa sauti hiyo nyumbani kwetu bila kuniambia. Nikaenda usiku wa uzinduzi na gauni langu jipya, mara nikajisikia mwenyewe kwenye spika, mbele ya ukumbi uliojaa: "Chakula tayari! Unakuja, au nimwite jirani ale?" Watu wakaangua kicheko. Mwigizaji akajibu, "Nakuja." Nilikununia siku mbili, na siku ya tatu ukaniambia kwamba hukupata mwigizaji wa kike anayeweza kuita hivyo, ukaniangalia, nikacheka.

"Sasa tuna spika mpya," fundi akaendelea. "Zile za zamani zilikuwa zinaficha mambo. Kwenye hizi, mama ukishaita, kuna kitu kinasikika. Nilidhani ni hitilafu. Nimekisikiliza tena na tena." Akaweka kikombe chini. "Siku ile alikujibu, si ndiyo? Nyumbani."

Nikamwambia ulinijibu, ulikuwa unajibu kila siku. Ulisema "nakuja" na ukachelewa.

"Basi alilikata lile jibu lake ili mwigizaji apate nafasi ya kujibu. Lakini alikata neno tu. Kabla ya neno alikuwa amevuta pumzi. Pumzi imebaki."

Nikamuuliza ana hakika gani kwamba ni yako. Akaniambia, "Mama, nimekaa ubavuni mwake miaka kumi na minane kwenye kile chumba cha mitambo. Yule mtu hakuwa anaongea. Unafikiri nilikuwa nasikiliza nini?"

Nikamuuliza anataka nini kwangu. Akatazama mikono yake. Akasema kwa sheria za kazi anatakiwa aifute, kwa sababu mzee yuko jukwaani na pumzi inatoka jikoni, kwa hiyo kwa anayejua kusikiliza, ni kana kwamba kuna mtu wa tatu ndani ya nyumba. Akasema wewe mwenyewe ungemfukuza kazi angeiacha. Na bado imemshinda, kidole kinafika kwenye kitufe kinarudi. "Nimekuja kuomba ruhusa," akasema. "Au kukatazwa. Sijui."

Kesho yake mchana nikaenda ukumbini. Hapakuwa na mtu ila sisi wawili. Nilipita kiti chako cha safu ya mwisho, sikukaa, nikaenda kukaa katikati. Akazima taa, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Kisha nikajisikia naita. Nilikuwa na sauti changa, mume wangu, na kiburi ndani yake, sauti ya mwanamke anayejua kwamba atajibiwa. Na baada yake, kweli, ikaja pumzi. Fupi, ya puani, ile ya mtu aliyekatizwa kazi na hana hasira. Halafu basi.

Ulikuwa unakuja.

Nikamwomba airudie. Akairudia hadi nikasema yatosha. Siwezi kukudanganya kwamba niliridhika, kwa sababu nilikuwa nimetafuta neno mwaka mzima na nimepewa pumzi, na mtu hawezi kuzungumza na pumzi. Nililia pale kwenye kiti kama ambavyo sikulia siku ya mazishi. Lakini nilipokuwa nalia, nilikusikia ukisema "mke wangu," na haikuwa sauti yangu. Ilikuwa yako, na mchanga wake wote. Ile pumzi iliifungulia njia. Sijui itakaa siku ngapi.

Fundi alikuja akachuchumaa kando yangu. Nikamwambia, "Iache."

"Mama, watu wa kazi hii watasikia. Watasema ni kosa."

"Ni kosa kweli," nikamwambia. "Ni lake. Wewe liache."

Tamthilia inaanza Ijumaa hii, na sisi tutakuwepo. Mtoto tutakuja naye, na akilia tutatoka naye, usiwe na wasiwasi. Najua ungetaka ifutwe. Najua ungeinua kidole ungeniambia, mke wangu, kazi ni kazi. Umekata vitu vingi vizuri katika maisha yako na mimi nikanyamaza. Hiki hukikati.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo, binti yako na mumewe, mjukuu wako ambaye hukumwona, kaka yako, ambaye Jumapili anakuja kukaa nami na hatuzungumzi cha maana, dada yako, wifi yangu, mwanafunzi wako wa chumba cha mitambo, na waigizaji wote waliongoja useme neno.

Hatutakusahau daima. Mimi sitakusahau hata zile siku ambazo ningependa kupumzika kidogo.