Niliposema Sisi ni wa Kiponda

Muskati, Jumamosi, baada ya Magharibi. Kuna ubaridi kidogo, tumefungua madirisha.

Nakuomba kabla hujaendelea: haya yabaki kwako. Usimtumie mtu hata sentensi moja. Nilipoanza kuandika hapa mtandaoni kwa Kiswahili nilidhani nimejificha, kisha nikakumbuka kwamba katika jengo letu la kazi nusu ya watu wamekisikia majumbani mwao tangu utotoni.

Mimi ni karani wa masjala. Mwezi ujao nitajua kama nathibitishwa kazini au narudi kukaa nyumbani, na ripoti yangu inaandikwa na msimamizi wangu, Dada Rayya.

Leo Dada Rayya alinichukua kutembea Muskati ya zamani, pamoja na mama yake, Bi Zuwena. Nilijitayarisha kama naenda kwenye mtihani. Jana nilisoma habari za zile ngome mbili za bandarini, Jalali na Mirani, ili nipate la kusema. Tuliposimama kuzitazama nikawaeleza kwamba Wareno walizijenga enzi ambazo wao na Wahispania walikuwa chini ya mfalme mmoja, kwa hiyo mwenye amri alikuwa mfalme wa Uhispania.

"Ala! Kumbe sisi Wahispania," akasema Dada Rayya. "Sasa ubalozini kwao wanatudai makaratasi yote yale ya viza ya nini?"

Tulicheka. Upande wa pili wa maji, kwenye majabali, kuna majina ya meli yaliyoandikwa kwa rangi na mabaharia waliowahi kutia nanga hapa. Nilikuwa najaribu kuyasoma, na kwa mara ya kwanza wiki nzima sikuwa na wasiwasi.

Bi Zuwena akaketi kwenye ukuta mfupi, akasema ngome hizi zinamkumbusha Ngome Kongwe ya Unguja. Akanigeukia.

"Rayya kanambia nyie wa Kiponda. Mie mzaliwa wa Kiponda. Nyumba ya nani, mwanangu?"

Sisi si wa Kiponda. Sisi ni wa Tabora.

Bibi yangu alizaliwa Tabora, mama pia, na babu alikuwa na duka huko. Wiki yangu ya kwanza kazini Dada Rayya alikuwa akiigiza watu wa bara wanavyozungumza. "Utadhani wanagombana!" alisema, na chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka. Muda mfupi baadaye akanisikia nikizungumza Kiswahili na nyumbani kwa simu. Akafurahi, akauliza: wa wapi nyie, Unguja? Nikasema ndiyo. Mtaa gani? Nikataja Kiponda, kwa kuwa ndiko anakotoka jirani yetu hapa Ansab na sikuwa na mtaa mwingine kichwani.

Leo nikamjibu Bi Zuwena kwamba nyumba ilikuwa karibu na msikiti.

"Msikiti upi? Kiponda misikiti tele!"

Nikasema sijui, hizo ni habari za bibi. Laiti angenishuku. Yeye alifurahi.

"Basi Ijumaa n'takuja kwenu nimwone huyo bibi. Pengine tumecheza pamoja utotoni. Mwambie asijisumbue, mie n'takuja na mkate wa kumimina."

Njia nzima ya kurudi nilipanga uongo mwingine. Bibi anaumwa. Bibi amesafiri. Mwisho nikaona njia rahisi ni Bibi mwenyewe akubali kuwa wa Kiponda kwa saa moja. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyokwenda kumwomba.

Nilimkuta akichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unguja nilikaa siku nne tu, tukingoja meli ya kuja huku," akasema. "Hiyo Kiponda hata sijui iko upande gani."

Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe kwenye sinia.

"Kama unanionea haya, mjukuu wangu, Ijumaa nitakaa chumbani. Waambie nimelala."

Angenigombeza ningepumua.

Nikaiona hiyo Ijumaa: wageni sebuleni, mkate mezani, na Bibi nyuma ya mlango katika nyumba yake mwenyewe, anazuia kikohozi kwa ajili yangu.

Nikamwandikia Dada Rayya: "Samahani. Sisi ni watu wa Tabora. Nilikudanganya wiki ya kwanza na leo nimemdanganya mama yako. Bibi anamkaribisha Ijumaa kama bado atapenda kuja."

Ujumbe ameusoma. Hajajibu. Kila simu ikilia kidogo nashtuka. Bibi amekuja mara mbili kuuliza kama huyo mgeni anakula pilipili.

Je, atakuja? Na ile ripoti, ataiandika vipi? Sijui. Lakini Bibi sitamficha.

Nawe ukitaka kunipata, usipige simu ofisini wala usiniulizie mapokezi. Andika hapa chini, nasoma kila neno. Au kama una asili ya huko kwetu, njoo Ansab Ijumaa baada ya Alasiri, uulize nyumba ya watu wa Tabora. Majirani wote wanatujua hivyo. Mlango utakuwa wazi, na Bibi utamkuta sebuleni.