Mpira Uitwao Shemeji

Kwa Dobi,
Nyuma ya duka la kinyozi.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shemeji,

Hilo neno hapo juu limenichukua muda kuliandika. Nilifikiria kukuita Kaka, nikaona kama nakusalimu kwenye foleni ya benki. Nikafikiria jina lako kamili, nikaona kama nakupeleka mahakamani. Basi nimeliacha lilivyo. Likikukera utaniambia mwenyewe.

Hujambo lakini? Kifua kile kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimetulia, au bado unakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta? Nasikia huko kiwandani mnakotengeneza vigae vumbi halina adabu. Funga kitambaa puani, Shemeji, usijifanye chuma. Na unakula? Maana mtu akikaa peke yake hujidanganya kwamba chai ni chakula.

Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu. Goti la Mama lina siku zake: leo lampeleka sokoni, kesho lamgomea hata kufika mlangoni, na yeye hulikaripia kama mtoto mkaidi. Dada hajambo. Tangu mlipoachana yuko nasi, amechukua chumba cha mbele, na pale duka la dawa wamemfanya msimamizi. Nakwambia haya kwa sababu najua ungependa kujua na usingeuliza.

Barua hii nampa dereva wa lori anayeleta vigae vya kiwanda chenu. Namba yako ya simu siku hizi hupokelewa na mama mmoja mkali anayeniambia nimekosea. Wiki hii nimekosea mara nyingi mpaka sasa tunajuliana hali.

Haya, niingie kwenye linaloninyima raha. Gemu mpya ya kriketi inakuja.

Unaikumbuka ile ya zamani, tuliyokuwa tukicheza chumba cha nyuma kwa kinyozi, wewe ukishindwa unalaumu vitufe. Sasa waundaji wanatoa toleo jipya. Wametangaza, wakaahirisha, wakatangaza tena, wakaahirisha tena. Kila wakiahirisha kinyozi ananyoa kwa hasira, na watu wanatoka na vipara ambavyo hawakuviomba.

Tumekuwa watu wa ajabu, Shemeji. Kuna kionjo wamekitoa, kivideo kifupi tu, tumekitazama mpaka tunayajua majani ya uwanja. Muuguzi wa zahanati, yule anayetufunga sote kwenye gemu, huisimamisha picha pale mrushaji anapoinua mkono, nasi tunasogeza pua kwenye kioo kutazama vidole. Kinyozi anasema vidole ni sita. Mimi nasema kimoja ni kivuli. Tulibishana juu ya kidole hicho mpaka mteja mwenye povu kichwani akajifuta mwenyewe na kwenda zake.

Kila mtu ana lake analolitaka. Muuguzi anataka timu za wanawake, kachoka kila akicheza kugeuka bwana mwenye ndevu. Kinyozi anataka mwamuzi anayekosea, kwa sababu mchezo usio na mtu wa kumlaumu si mchezo. Anataka na mvua ya kusimamisha mechi. Nikamuuliza, mtu anunue gemu ili akae atazame mvua? Akanijibu mimi ni dobi, mvua ni adui yangu, kwenye hilo sina kura. Lo! Tulicheka, lakini hatukupatana.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, ule mpira wako wa uwanjani.

Ndani ya gemu ya zamani mpira wa polepole ulikuwa mpira mfu. Ukiurusha, mpigaji wa kwenye mashine anaupiga akiwa kama amesinzia. Wapi na wapi na ule wa kwako! Ule ulikuwa unakuja na heshima zake, juu juu, taratibu, mpigaji anatabasamu, anapanga gongo lake na kuchagua kabisa pa kuupeleka. Halafu unadunda karibu na miguu yake, unainama, unapita chini ya gongo na kuondoka na kijiti cha katikati, kati ya vile vitatu anavyovilinda nyuma yake. Mtu anabaki ameshika gongo hewani kama anayefukuza nzi.

Kinyozi ndiye aliyeubatiza jina. Alisema ndivyo ulivyokuja kwetu kuposa: polepole, unasalimia mpaka kuku, unaomba maji ya kunywa, hakuna anayekushuku lolote, tukija kushtuka, Dada kashaondoka na wewe. Tangu siku hiyo mpira ule ukaitwa Shemeji, na mtaa mzima nao ukakuita Shemeji, hata watu ambao hawana dada.

Waundaji walifungua ukurasa wa mashabiki kutuma maombi yao. Tukaketi watatu, mimi, kinyozi na muuguzi, tukaandika kwa Kiswahili safi, tena cha kubembeleza, kisha tukaiachia simu itutafsirie. Tuliandika hivi: "Tunawaomba kwa unyenyekevu mtuwekee Shemeji. Bila Shemeji gemu haina ladha. Shemeji arushwe kwa mkono wa kulia, apae kidogo, adunde karibu na miguu, kisha apite chini ya gongo."

Jibu likaja. Walitushukuru kwa upendo wetu. Wakasema kwa bahati mbaya utaratibu wao hauruhusu kuweka jamaa za mashabiki ndani ya gemu. Halafu, kwa upole mwingi, wakatushauri kwamba ugomvi wa kifamilia una njia za kuumaliza bila kumrusha mtu.

Shemeji, muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka nusu. Nusu nyingine ilikataa kutoka.

Muuguzi akaandika upya, safari hii akaeleza kwamba ni mpira, akachora mkono na njia ya mpira kwa mishale. Hapo wakaamka. Wakasema hawajawahi kuona mshiko kama huo na wanautaka. Ila wana masharti. Wanataka video ya mwenyewe akiurusha, kutoka mbele, nyuma na ubavuni, na atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhia na jina la mpira ni lipi. Iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo wanafunga kazi, na lililo nje litabaki nje.

Kwanza nilisema nitaurusha mimi. Si nilikaa nyuma ya vijiti miaka yote nikiudaka? Tukaenda uani, kinyozi kashika simu ya kurekodi, muuguzi kashika gongo. Mpira wa kwanza ukatumbukia kwenye beseni la wanga. Wa pili ukajifunga kwenye shuka za nyumba ya wageni zilizokuwa zinakauka kambani. Wa tatu ulifika, sitaki kujisifu, ulifika. Ulikuja polepole, ukasalimia, ukarudishwa kwao mikono mitupu. Muuguzi aliupiga ukavuka ukuta, na mpaka leo hatujauona.

Tulipokuwa tunautafuta ndipo fundi viatu wa kona akaingilia. Hajui kriketi hata chembe, ila kusikiliza anajua. Akasema hangaiko lote la nini, tuupe mpira jina jingine, turekodi yeyote anayejuajua, tuwatumie. Dada yako kaachika, akaniambia, ushemeji umekwisha. Mnambembelezea nini mtu baki?

Mtu baki. Nilimjibu ovyo, nikamwambia ashone viatu aache ukoo wa watu. Siku hiyo niliunguza kola ya shati la mwalimu. Kesho yake nikaunguza mkono wa shati lile lile, nilipokuwa nalipiga pasi upya ili nimwombe radhi kwa kola. Nikisikia honi ya lori natoka na pasi mkononi. Natapatapa kama kuku anayetafuta pa kutagia, nagusa hiki, naacha kile, na wateja wamekwisha kuona. Mmoja ameanza kujipigia pasi nguo zake mwenyewe hapa hapa dukani kwangu, na hela anataka apunguziwe!

Sikumwambia Dada. Nilidhani nitakuwa natonesha kidonda. Nyie wawili mliachana kwa heshima, bila matusi wala vyombo kurushwa, majirani walikosa hata cha kusimulia. Mimi ni nani niende kukoroga maji yaliyotulia? Nikamnong'oneza Mama peke yake. Nawe unamjua Mama, ukimpa siri anaitunza kwa kugawana na wenzake.

Ijumaa Dada akaja dukani na makoti yake meupe ya kazini. Nilikuwa naandika barua hii, ile nakala ya kwanza, kwenye karatasi ya kufungia nguo. Nikataka kuificha chini ya pasi, nikakumbuka pasi ina moto. Akaichukua, akaisoma wima, mpaka chini. Nikajiandaa kupigwa radi.

Akaniuliza mbona nimeandika kama naomba kazi. Kweli, ile ya kwanza ilikuwa imejaa "tafadhali" na "endapo utaona vema". Nikamweleza ukweli, kwamba sijui nina haki gani kwako tena. Kwamba kumwita mtu shemeji wakati hakuna ndoa ni kama kuvaa nguo ya mteja.

Dada akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyekuja kununua dawa bila kujua anaumwa wapi. Akasema:

"Nimeachana naye mimi. Wewe talaka yako ulipewa lini?"

Akaweka makoti mezani, akaondoka.

Shemeji, nilichukua karatasi mpya nikaanza upya. Hakuna aliyenipa talaka. Hukunipa wewe, hakunipa Dada. Nilijipa mwenyewe kwa kukaa kimya, nikidhani ndiyo adabu, kumbe ni woga umevaa kanzu safi. Na wewe pengine uko huko umekaa kimya kwa woga huo huo, unasema moyoni, wale si wangu tena, nitawaanzaje. Basi nimekuanza mimi. Nimekukumbuka. Sitaki kuzungushia hilo neno ua wala wigo, nimekukumbuka.

Video naitaka, nisikudanganye. Naitaka mpaka viganja vinaniwasha. Nataka siku moja mtu asiyetujua, mbali huko, ashindwe na mpira wako, atukane, kisha aulize huu mpira unaitwaje. Muuguzi ameshaapa atautumia kumtoa kinyozi kila Jumamosi mpaka ahame mji. Lakini hata kama hutaki kusimama mbele ya kamera, hata kama bega limekufa au moyo umekataa kriketi, nijibu. Gemu ikitoka bila mpira wako tutanung'unika, tutaizoea, ndivyo tulivyo mashabiki. Hata ile ya zamani tuliitukana miaka yote na hatukuacha kuicheza. Ukimya wako ndio sitauzoea.

Dereva atalala huko usiku mmoja kisha anageuza. Ameniahidi hataondoa lori getini mpaka umwambie neno, hata kama ni tusi. Tusi pia nitalipokea, ila liwe refu kidogo.

Mama anakusalimu sana. Bado anakuita mkwe wangu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Anasema kifua ukikande kwa maji ya moto, na uache kulala dirisha wazi. Kinyozi anakusalimu, anauliza huko ni nani anakukata nywele na kama ana leseni. Muuguzi anakusalimu pia.

Dada hakutuma salamu, wala hakukataza. Ila alipopitia makoti yake alisema, kama utarekodiwa, kamera isimame kushoto kwako, maana siri yote iko kwenye kidole cha kati na kulia hakionekani. Usilipe neno hilo maana zaidi ya lilivyo, Shemeji. Amelisema kama anavyosoma maelekezo ya kwenye chupa ya dawa. Lakini amelisema.

Mungu akukinge na vumbi la vigae na upweke wa Jumapili, akupe usingizi mwema na watu wa kukuuliza umekula nini.

Wako akupendaye, ambaye hajapewa talaka na mtu,

Shemeji yako,
Dobi.