Darubini Isiyokaa

Kitahana, Jumanne jioni

Darubini ya kulengea haikai kwenye bunduki yangu. Macho yangu hayaioni tena alama ya kulengea, lakini bunduki hii ya zamani hutema maganda ya risasi kwa juu, palepale darubini inapotakiwa kufungwa. Ingefungwa pembeni, ila hakuna matundu ya skrubu.

Fundi wa Kasulu alicheka. "Mzee, nikitoboa silaha tutalala ndani wote wawili. Peleka macho kwa daktari!"

Nguruwe pori wanamaliza mahindi ya jirani yangu, Mama Ana, na mwenye bunduki hapa ni mimi peke yangu. Alinisubiri njiani.

"Umefanikiwa, baba?"

Nikamweleza yote, maganda na matundu. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniomba debe tupu, akalipige mwenyewe shambani kuwafukuza.

Nimempa, na fimbo ya kulipigia.