Mashine ya Mjini na Laptop ya Kando ya Kitanda

Shikamoo Mama Mshauri. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo ukilisikia mwanzoni utadhani nimekosea gazeti, maana linahusu kompyuta, lakini nivumilie unisome hadi mwisho, nimechoka na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni Yusta, nimeolewa hapa Mtae, na mume wangu Sefania tunapiga video za harusi, kipaimara na misiba, yeye anashika kamera, mimi nahariri. Miaka yote nimehariri kwa laptop isiyo na kadi yake ya picha, yaani kazi ya picha inafanywa na prosesa ile ile inayofanya kila kitu, na memori wanagawana. Video za zamani ilizimudu, ila tangu tununue kamera mpya zenye picha nzito inapata moto, feni inalia, inaganda, naizima naanza upya. Ndivyo ilivyochelewa video ya harusi ya Loveness, binti wa hapa aliyeolewa Muheza, kila nikikaribia kumaliza inaganda, mpaka baba yake akafariki bila kuiona. Loveness alinipigia simu, hakugomba, alisema tu, "Baba alikuwa anaiulizia kila siku. Sasa msiharakishe tena." Tangu hapo sijaifungua ile kazi.

Sefania naye yalimchoma, akanunua kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya kujitegemea, ina memori yake na feni zake, na kwa kuwa huku juu umeme unakatika ovyo na mashine ile haina betri, akapanga chumba Lushoto mjini akaiweka huko. Sikatai, nimeiona ikifanya kazi, video inayonilia mchana kutwa yenyewe inaitoa chai haijapoa. Sasa anataka niuze laptop nimfuate. Lakini mama yake amepooza upande mmoja, nani atamgeuza, nani atamlisha uji? Laptop naiweka kando ya kitanda chake, umeme ukikatika naendelea na betri, akiita naiacha namhudumia, naye haishi kuniuliza kwa Kishambaa kama mwanawe amekula. Juzi Sefania alikuja, akamwamkia mama yake akiwa amesimama mlangoni, kisha akaigusa laptop akasema, "Hii ndiyo inayoturudisha nyuma, Yusta." Nikaenda kuchemsha maji ya kumwogesha mama, niliporudi ameshaondoka na basi. Niuze nishuke, au nibaki?

Yusta, Mtae


Marahaba, Yusta. Pole, mwanangu. Gazeti hujakosea.

Tuanze na mashine tuyamalize. Mumeo ana haki. Laptop inayoazima nguvu za prosesa haitashindana na kadi yenye memori yake, hata ukiipepea kwa kanga. Ukiing'ang'aniza na video nzito utamchelewesha na bibi harusi mwingine. Nawe una haki: ile ya mezani haibebeki, na umeme wa Mtae ungeizima katikati ya kazi. Basi usiuze. Sefania akutengenezee nakala nyepesi za video huko mjini, azitume kwa basi kwenye flashi. Wewe uzikate na kuzipanga kwenye laptop, umrudishie mpangilio, na kazi nzito ya rangi na kuitoa video iliyokamilika ifanywe na mashine kubwa.

Sasa nikugombeze. Joto la laptop umenieleza vizuri sana, uchovu wako umeutaja mara moja, tena kwangu mimi nisiyekujua. Sefania umemwambia nini? Ulikwenda kuchemsha maji. Mume hasomi mvuke wa sufuria. Huyo anaogopa kumwona mama yake alivyolala, na kile chumba cha mjini kimempa pa kujificha. Kazi ipo, sikatai, lakini kadi ya picha haimgeuzi mgonjwa.

Na kifo cha yule mzee usijitwike. Hakufa kwa sababu ya video. Ila binti yake bado anaidai sauti ya baba yake iliyomo kwenye video hiyo, hata kama amesema msiharakishe.

Mpigie Sefania leo. Usimwombe, mwambie apande akae na mama yake wiki nzima. Kumwogesha kutafanywa na wanawake wa usharika, hilo si la mtoto wa kiume, lakini uji, kumgeuza asipate vidonda, na kuketi naye karibu, hayo ni yake. Wewe beba kazi ya Loveness kwenye flashi, shuka Lushoto, keti mbele ya hiyo mashine, imalize, kisha lala mpaka uamke mwenyewe. Video umpelekee Muheza kwa mkono wako, umpe na pole. Mkikutana tena mpange zamu, na akikataa mwite mjomba wake awepo.

Laptop mwachie. Wiki hiyo akipata nafasi ya kuifungua, aniandikie yeye kama kweli ndiyo inayowarudisha nyuma.